Kisiwa cha Matete na Kadi ya Seline

Naapa kwa kaburi la mama yangu, na mama amezikwa hapo nyuma ya nyumba kwa hiyo ananisikia: haya yote ni kweli tupu. Najua mnanijua. Mimi Oduor ndiye niliyewaambia kwamba kiboko alinibeba mgongoni mpaka Port Victoria. Hiyo niliitunga. Hii ya leo sikuitunga, na ili mniamini nimeweka dau jogoo wangu mwekundu. Mke wangu Seline ameketi mlangoni anachambua omena, dagaa wetu wa ziwani, nami namsomea kila ninachoandika. Akinikamata na uongo, jogoo ni wake.

Mwaka wa 1972 nilikuwa nafanya kazi kwa Bwana Mureithi, mtu wa Nyeri aliyeuza samaki wakavu mjini Kisumu. Mwezi wa tatu alinituma ng'ambo ya ghuba kutafuta wavuvi wa kutuuzia. Nikaenda peke yangu kwa mtumbwi wa kuazima. Upepo ukanisukuma ndani ya matete, nikakwama siku mbili. Mbili tu. Nilipofika nyumbani Nyalenda, kabla watu hawajaamka, nilikuta nimeshatangazwa kwamba nimezama.

Mtu mwenye akili angetoka nje apige kelele kwamba yu hai. Mimi nikaona kufa kuna raha yake. Nilale mpaka jua lipande, Mureithi amtumie mjane wangu unga na sukari, nami ninywe chai. Wanawake wakija kulia na Seline, naingia chini ya kitanda nasikiliza sifa zangu. Seline alinisihi nitoke. Nikamwambia kesho. Kesho hiyo ilichukua wiki nne.

Nilipotoka nilijipaka tope, nikasema matete yalikatika yakawa kisiwa, kikanizungusha ziwani mwezi mzima, nikila samaki kamongo mbichi na mayai ya chatu. Watu walishika vichwa. Mureithi alilia mbele ya wateja, akanirudisha kazini siku hiyo hiyo.

Sasa, mimba iliingia katika zile wiki nne.

Kwenye kliniki ya hospitali, sista aliyejaza kadi alikuwa Lornah, jirani yetu wa Nyalenda. Alimuuliza Seline aliona lini siku zake mara ya mwisho. Seline alifungua kinywa, nami nikajibu kabla yake. Nikasogeza tarehe mbele mwezi mzima. Ningefanyaje? Tarehe ya kweli ingesema ama sikuwa kisiwani, ama mimba si yangu. Lornah akaandika kwa wino.

Mwezi wa kwanza, mwaka uliofuata, Seline alivimba miguu mpaka viatu vyangu vikamkataa. Presha ikapanda. Alimwambia daktari kwamba kwa hesabu yake siku zimepita wiki mbili. Daktari alimpapasa tumbo, akasema mtoto ni mkubwa, Jumatatu atamwanzishia uchungu kwa dripu.

Jumatatu tulifika alfajiri na beseni na nguo za mtoto, Seline hajala kama alivyoagizwa. Tukakaa kwenye benchi. Saa sita tukaambiwa kitanda kimechukuliwa na mama wa Awasi aliyeletwa kupasuliwa. Jioni tukaambiwa kesho. Seline akanywa uji uliopoa, akapewa godoro kwenye ujia.

Jumanne asubuhi daktari alikuja na kadi mkononi, na safari hii alikuwa ameisoma. Kwa kadi, mtoto alikuwa bado na wiki za kukaa. Akieleza taratibu, alisema mapafu yasipokomaa mtoto hutoka akashindwa kupumua, kwa hiyo afadhali kungoja, labda wiki mbili. Akamuuliza Seline ashike ipi, kadi au maneno yake.

Lornah ndiye aliyejibu. "Kadi iko sawa, daktari. Mwezi huo mumewe alikuwa kwenye kile kisiwa. Kisumu nzima inajua."

Akaweka ile pembe yao juu ya tumbo, akasikiliza moyo wa mtoto, akacheka. Alisema unakimbia kama cherehani.

Seline aligeuza shingo. Alinitazama tu. Nyuma yangu alisimama Mureithi na chupa ya chai, maana alikuja kila siku. Alisema mtu aliyefufuka hafai kukaa na koo kavu.

Hapo hapo nikasimama. "Daktari," nikasema, "hakuna kisiwa. Nilikuwa nyumbani, chini ya kitanda. Wiki zote nne."

Mureithi aliweka chupa sakafuni polepole. "Na ile sukari?"

"Niliinywa mimi, Bwana."

Aliondoka bila chupa yake. Daktari aliagiza dripu iletwe. Lornah akachukua pembe tena, akaiweka, akaisogeza. Akaisogeza mara ya tatu. Kisha akamwita daktari kwa sauti ya chini, naye akainama akasikiliza muda mrefu.

Dripu iliwekwa vilevile, kwa sababu mtoto sharti atoke. Seline aliumwa usiku kucha kwa ajili ya mtoto ambaye hakulia. Alikuwa mvulana. Alikuwa na kucha ndefu.

Hapa Seline ameacha kuchambua omena.

"Baba Benta," ameniambia. Benta ndiye tuliyempata baadaye. "Soma tena hapo uliposimama."

Nimesoma.

"Cherehani asubuhi, wewe ukasema hapo hapo, halafu pembe isisikie kitu?"

Nimeishusha karatasi.

"Ilikuwa Alhamisi. Jumanne ulisema unaenda kununua mkate. Jumatano ulinishika mkono ukaniambia nivumilie, kumbe ulikuwa unaangalia kama Mureithi amefika. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilijua utasema mwenyewe."

"Mbona siku zote hizi hujawahi kuniambia?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Basi sitafuta niliyoandika. Pale mlipokuta hapo hapo, someni Alhamisi. Jogoo nimemfunga miguu, nimemlaza karibu na ungo wake. Seline hajamtazama. Amerudi kwenye omena.