Kisigino cha Jagoda

Simu ilipoita, Stamena alikuwa jikoni anamenya pilipili hoho zilizotoka kuchomwa, na maganda meusi yalikuwa yamemganda mpaka viwikoni. Akaibonyeza kwa kidole cha mwisho, ambacho angalau kilikuwa na nafuu.

"Bibi Stamena, habari za mchana. Ni mimi Jagoda, mwanafunzi wako wa soksi, wa mjini Leskovac. Nimekukatiza?"

"Hujanikatiza, mwanangu. Napigana na pilipili tu. Sema."

"Ni lile somo la kisigino. Niko nalo tangu asubuhi. Mikono yako nimeisikia weee, lakini mpaka sasa sijui inafanya nini."

Stamena akabaki na pilipili mkononi. Mikono yake imesikika? Aliitazama. Ilikuwa kimya kama kawaida.

Alimjua Jagoda kwa maswali yake. Katika ile kozi ya kufuma soksi ambayo chama cha wanawake wa kijiji kilikuwa kimeiweka mtandaoni, wanafunzi wengi waliandika "asante sana" na kuweka picha ya ua. Jagoda yeye aliuliza mambo. Na siku moja, Stamena alipoguna kwenye video wakati wa kuinuka kitini, watu wote waliitazama video ile lakini Jagoda peke yake aliandika kuuliza mgongo wa mwalimu unaendeleaje.

"Mimi sioni, bibi," Jagoda akasema. "Nilidhani unajua, niliandika siku ya kujiunga. Kompyuta yangu ina sauti inayonisomea kila kilichoandikwa. Masomo ya mwanzo yameandikwa vizuri, nimeshuka nayo salama mpaka kwenye kifundo cha mguu. Hapa kwenye kisigino ndipo nimekwama. Hakuna maandishi, ni picha na video tu."

"Sasa umefumaje mpaka kifundoni bila kuona?"

"Kwa sindano, bibi."

Jagoda akacheka kwanza, haraka, ili mwenzake asiachwe peke yake na aibu. Stamena aliliona hilo, akacheka naye.

"Usinione msumbufu," Jagoda akaendelea. "Chama chenu kinachukua wafumaji wapya wa majira ya baridi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwezi wa kumi na moja, tena waliofaulu kozi tu. Mimi nilikuwa napokea simu kwenye kliniki. Siku hizi mashine ndiyo inapokea. Nikikosa nafasi hii nitakaa nyumbani kwa dada yangu nihurumiwe. Na dada yangu ana huruma nyingi, bibi. Zinachosha."

Stamena akaahidi kwamba kisigino atakipata. Alipokata simu ndipo alipojiuliza atakipataje.

Tovuti ile ilitengenezwa na Slavica, mke wa mwanawe, jioni baada ya kufunga duka, na hakuna aliyemlipa. Slavica alipopita kuchukua chupa za pilipili, Stamena akamweleza.

"Haiwezekani, mama," Slavica akasema. "Kila picha nimeiandikia maneno ya chini kwa chini, ya kusomewa wasioona. Nilisoma mahali kwamba ni lazima. Na ile programu ya kukagua tovuti iliniwekea alama ya kijani kila mahali."

"Basi tuisikilize hiyo kijani."

Slavica akafungua kompyuta, akawasha sauti ya kusoma, akazima kioo. Wakakaa wawili mezani mbele ya kioo cheusi, kama watu wanaosubiri daktari.

"Picha," ikasema sauti. "Mikono ya mama. Picha. Mikono ya mama. Picha. Mikono ya mama tena."

Slavica akajifunika uso kwa aproni.

"Hiyo 'tena' umeiweka ya nini?" Stamena akauliza.

"Nilikuwa na supu jikoni, mama. Sikujua niandike nini. Ilikuwa ni mikono yako kweli."

Kisha ikaja video, na sauti ya Stamena mwenyewe ikajaa jikoni, yenye furaha tele: "Haya wapenzi wangu, sasa mnafanya hivi. Halafu hivi. Mmeona? Huyu anapita hapa, mnamvuta, halafu hivi. Rahisi!"

Stamena alikuwa amefundisha kufuma tangu ujana wake, na siku zote alijiona mwalimu mzuri. Leo amejisikiliza kwa mara ya kwanza, na hakuelewa hata neno moja.

"Usihuzunike, mama," Slavica akasema. "Utasema, mimi nitaandika. Leo leo."

Hapo ndipo fujo ilipoanza. Stamena akashika sindano zake tano, akaanza kusema kile mikono yake ilichokuwa ikifanya, na kumbe hakujua. Mikono ilikwenda, ulimi ukabaki nyuma. Akiipunguza kasi ili aitazame, nayo inasahau. Akasema "kushoto", kisha "hapana, kulia", kisha "kushoto, lakini ukiwa upande wangu." Slavica akaandika yote, akafumba macho na kujaribu kufuata. Kilichotoka kwenye sindano kilikuwa na pembe mbili.

"Hiki ni kisigino cha mbuzi," Stamena akasema.

"Nimefuata maneno yako, mama."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nahofia."

Wakampigia Jagoda. Wakaweka simu juu ya meza, katikati ya chupa, naye akawa na sindano zake kule Leskovac. Jagoda hakusema hata mara moja kwamba Stamena amekosea. Alisema, "Hapo rudia kidogo, bibi, mimi nimechelewa." Alisema hivyo mara nyingi sana, mpaka Stamena akaelewa kwamba anayechelewa si Jagoda.

"Bibi, usiniambie kinavyoonekana," Jagoda akamwomba. "Niambie kidole kinagusa nini. Hicho cha kushoto, sasa hivi, kinagusa nini?"

Stamena akafumba macho. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimekandamiza kitanzi cha mwisho cha ukingoni, kwa nguvu, kisichomoke wakati sindano inageuka. Hakuwahi kujua. Nani alikifundisha? Mama yake? Hakukumbuka mtu yeyote kumwambia jambo hilo, wala yeye hakumwambia mtu.

"Kinakandamiza," akasema polepole. "Kitanzi cha ukingoni. Kinakuwa kigumu kama mbegu ya cheri."

"Aaa," ikasema simu. "Ndiyo maana changu kinafunguka! Ngoja... ngoja bibi... nimekipata!"

Hivyo ndivyo walivyokwenda, siku baada ya siku, kitanzi kwa kitanzi. Slavica aliandika, Jagoda alijaribu, na kilichokataa kiliandikwa upya. Mambo mengine Stamena hakuyapatia jina mpaka mwisho, na Slavica akayaandika jinsi yalivyo: "hapa mama hajui, lakini vuta kidogo."

Mwezi wa kumi ukaingia, na soksi za Jagoda zikaja kwa basi, dereva akazileta mpaka mlangoni ingawa si kazi yake. Stamena alizikagua dirishani. Kisigino kilikuwa kimekaza, kimekaa. Karibu na vidole palikuwa na vitanzi viwili vimelegea. Akafurahi kuviona, kwa kuwa aliogopa macho yake yanaweza kuwa yanazihurumia soksi zile.

Jioni ile ile Slavica akaja na sura ya msiba. "Mama, Jagoda amefeli."

"Soksi ninazo hapa. Kafelije?"

"Ni mtihani wa kwenye tovuti. Sehemu ya mwisho unaburuta picha za hatua za kisigino na kuzipanga kwa mpangilio. Yeye hawezi kuburuta asichokiona. Mashine imempa sifuri na kumwambia arudie kozi."

Stamena akavaa koti, akaenda kwa Radojka, mwenyekiti wa chama. Radojka alimwekea kahawa na kijiko cha matunda yaliyopikwa kwa sukari, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Stamena, mwenzangu, moyo wako ni laini kama siagi ya jana. Mtihani ni mtihani. Leo tumpitishe huyu, kesho shemeji yangu atasema naye alikuwa anaumwa jino."

"Soksi zake hizi hapa. Zishike."

"Nimezishika, nzuri. Lakini wengine wote wamepanga picha. Wakiuliza mbona yeye hakupanga, niseme nini? Kwamba tulimwonea huruma?"

Neno hilo lilimchoma Stamena, kwa sababu alikumbuka Jagoda alivyosema kuhusu dada yake. Akarudi nyumbani kichwa kimemvurugika. Njiani alimpa Radojka haki yake, akaipokonya, akampa tena. Sheria ikiwa moja kwa wote, si ndiyo haki? Na kama ni haki, mbona inamtoa nje mtu ambaye soksi yake inavalika?

"Nifungulie huo mtihani," akamwambia Slavica. "Niufanye mimi."

"Wewe ndiye mwalimu, mama."

"Ndiyo, nijue nawapima watu kwa kitu gani."

Akavaa miwani, akashika kipanya kama anayeshika kifaranga, akaziburuta picha moja moja. Ilimchukua muda, lakini alikuwa na uhakika. Akabonyeza. Kompyuta ikamwambia: "Hujafaulu. Tafadhali rudia kozi."

Wakatazamana.

"Nirudie kozi yangu?"

Slavica akasogeza uso karibu na kioo, akazitazama picha, kisha akakaa chini taratibu. "Mama. Siku ile nilipokupiga picha, ulikosea, ukafumua, ukaanza tena katikati. Mimi nilizipanga kama zilivyotoka kwenye simu."

"Kwa hiyo hao wote waliofaulu..."

"Walipanga kama mimi nilivyokosea. Sijui walijuaje. Labda walibahatisha mpaka ikakubali. Mtihani unaruhusiwa kuurudia papo hapo."

Stamena alicheka mpaka akashika ubavu, lakini kichwani hakukuwa na nafuu. Kwa muda wote huo chama kilikuwa kimepima nini? Si kufuma. Si macho hata. Alishindwa kulipatia jina, kama kile kidole gumba.

Asubuhi alimleta Radojka jikoni kwake, akamweka mbele ya kompyuta. Radojka, ambaye alifuma soksi kabla ya kujua kuandika, alifeli mara mbili na kumtukana mjomba wa kompyuta.

"Sawa," akasema mwishowe, akifuta paji la uso. "Hilo swali litoke. Litoke kwa wote, sikiliza, si kwa mmoja. Badala yake kila mtu alete soksi, na aeleze kisigino kwa maneno, aandike au aseme kwenye simu. Na huyo wa Leskovac ataeleza kama wengine, sitaki apunguziwe."

"Usimpunguzie hata kidogo," Stamena akasema.

Jagoda akaeleza kwa simu, mbele ya wote watatu. Alieleza kidole gumba na mbegu ya cheri. Kwenye vitanzi vilivyolegea Radojka alimkaripia, naye akajibu, "Kweli mama, hapo nilikimbilia supu," na Slavica akainamia meza kwa kicheko. Jagoda akachukuliwa, siku chache kabla ya sikukuu.

Uzi wake wa kwanza Stamena aliufungasha mwenyewe, mwekundu na mweusi. Jagoda alikuwa ameomba jambo moja tu: kwenye ncha ya kila donge la uzi, fundo moja kwa nyekundu, mafundo mawili kwa nyeusi. Stamena alifunga jioni nzima kwa furaha. Asubuhi, kwenye kituo cha basi, dereva akiwa ameshanyoosha mkono apokee mfuko, akasita.

"Ngoja. Nyekundu alisema moja au mawili?"

"Mimi unaniuliza, bibi?"

Akafungua mfuko kwenye benchi. Donge jekundu, fundo moja. La pili jekundu, mafundo mawili. Jeusi, moja. Jingine jeusi halikuwa na fundo kabisa. Stamena akalitazama kwa muda mrefu, kana kwamba litajieleza.

Dereva akatazama saa, akatazama abiria, kisha akazima injini. Akashuka, akaketi kwenye benchi kando yake na kupakata madonge. Mama mmoja akateremka naye, akavua glovu.

"Haya, bibi," dereva akasema. "Jekundu ni moja. Anza na hilo, mimi nafungua haya."

"Una uhakika ni moja?"

"Sina. Mpigie mwenyewe tumuulize."