Sanda Yenye Pindo

Gu. Gu-gu. Gu.

Assia alikuwa bado ameinamisha uso juu ya mkeka wa sala ya alfajiri aliposikia mlio huo, nao haukutoka mlangoni. Ulitoka chini ya magoti yake. Kitu kilikuwa kikigonga ngazi ya mbao chini ya sakafu, kwa adabu, kama mgeni anayejua kwamba amekuja wakati mbaya.

Alitoa salamu ya kulia na ya kushoto, akakunja mkeka, akafunua mfuniko wa ngazi. Stoo ya chini ilikuwa imejaa maji hadi kifuani pa mtu. Madumu ya njano yalielea gizani, yakisukumana, yakibisha hodi kwenye ngazi.

"Ya Rabi," alisema. "Vitu vya watu."

Maana vyote vilikuwa vya watu. Tangu mwaka ule ziwa lilipopanda likakalia nyumba za Kibenga, chama cha mazishi cha mtaa wa Jabe, hapa Bujumbura, kilikataa kungoja watu wafe ndipo kisaidie. Kila nyumba ilitoa kitu: blanketi, sabuni, unga, sufuria. Vikashushwa katika chumba cha chini cha nyumba hii kuukuu, na Assia akapewa ufunguo pamoja na chumba cha juu cha kuishi. Alipewa yeye kwa sababu hakuna mwizi aliyethubutu kumkaribia. Assia alikuwa mwosha maiti wa wanawake. Watu walimheshimu, lakini walimheshimu kwa mbali. Muuza nyanya aliweka chenji yake mezani badala ya kumpa mkononi. Wenye watoto wachanga walivuka barabara walipomwona, wakijifanya wameona kitu upande wa pili.

Lubna, jirani yake muuza uji, aliingia kitenge kikiwa kimekunjwa hadi magotini.

"Da Assia! Uko hai?"

"Niko. Leta ndoo."

"Ndoo iko, lakini nguvu imeisha. Kwangu maji imelala ku kitanda, mi nimelala juu ya meza. Hii mutaa yote huwezi kupata mutu mwenye nguo kavu."

Walichota. Majirani wengine wakajipanga kwenye ngazi, ndoo zikapanda mkono kwa mkono na kumwagwa barabarani, huku mvua ikiendelea kunyesha kama vile haikuona kazi yao. Maji yaliposhuka hadi magotini, Assia na Lubna waliingia na taa.

Unga ulikuwa umegeuka donge. Mikeka ilikuwa imevimba. Na mablanketi, yale yote waliyokusanya kwa ajili ya siku kama hii, yalikuwa rafu ya chini kabisa, yamekunywa maji ya mtaro pamoja na vyoo vyote vilivyofurika ndani yake. Rafu ya juu kabisa, karibu na dari, ndiyo pekee haikuguswa. Hapo zilikaa sanda za chama, nyeupe, zimekunjwa ndani ya plastiki, zikinukia kafuri.

Lubna aliinua taa. Alitazama chini, akatazama juu.

"Ee, Da Assia. Wafu umewalaza pakavu, wazima umewatia mu maji."

Aliyepanga rafu zile ni Assia mwenyewe. Kitu cha maiti hakiwekewi kitu juu yake. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha kuosha, na siku alipopanga hakuna mtu aliyepinga. Sasa neno la Lubna lilimwingia kama maji yale, polepole, mpaka kifuani.

Alifanya kazi. Kilichokuwa cha unga au cha karatasi kilitupwa. Makopo ya maziwa na chupa za mafuta viliondolewa tope na kusuguliwa kwa javeli, dawa ya kuua vijidudu. Mablanketi yalipandishwa moja moja, Assia akashika ncha hii, Lubna ncha ile, wakayasokota mpaka maji meusi yakachuruzika. Assia alianza kila mara upande wa kulia, akakamua taratibu, akanyoosha kila kona.

"Unaosha burengeti ao unaosha mutu?" Lubna aliuliza.

"Hii mikono haijui njia ingine."

Lubna alicheka, lakini mablanketi hayakucheka. Yalining'inia chini ya paa yakidondoka. Yalitaka kuchemshwa, kisha yatafute jua, na jua siku hiyo halikuwa na habari na Bujumbura.

Pikapu ilifika adhuhuri, imebeba watu wa Kibenga waliokaa usiku kucha juu ya mabati yao. Walishuka, wazee kwa watoto, nguo zimewagandama. Wa mwisho alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Irène, mkimbizi kutoka Uvira, aliyekumbatia kitu kifuani.

"Mama," alimwambia Assia, kwa kuwa Assia ndiye aliyesimama karibu. "Mutoto iko baridi sana. Ameacha kulia tangu ku njia."

Naye, asiyejua kwamba kuna wa kukwepwa na wa kutokwepwa katika mtaa ule, akamnyooshea mtoto.

Assia alimpokea. Mikono ile ilijua baridi ya kila namna. Hii haikuwa ile ya mwisho, lakini ilikuwa jirani yake. Alimvua kitenge kilicholoa, akamfunga kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi. Akatazama huku na huku kutafuta kitambaa kikavu cha kuwafunika wawili hao. Hakikuwapo. Watoto wengine walikuwa wakitetemeka ukumbini, meno yakigongana.

Alishuka ngazi. Alipopanda tena, alikuwa amebeba sanda zote za chama.

"Assia! Apana!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Idi, mwenyekiti wa chama, fundi cherehani aliyeshona kanzu za nusu ya mji huu na kugombana na nusu nyingine. Cherehani yake ya miguu ilikaa kwenye ukumbi wa nyumba hiyo hiyo, naye alikuwa nyuma yake, kofia yake ikidondoka maji.

"Hiyo ni haki ya maiti," alisema. "Mutoto mudogo hivi unamufunika sanda? Unamuita nani aje kumuchukua?"

Ukumbi mzima uligeuka. Lubna alirudi nyuma hatua moja. Assia alihisi macho ya watu, yale yale ya sokoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yalimkasirisha.

"Mzee Idi, we ni fundi. Sanda ni nini?"

"We ndiye unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza."

"Sanda ni kitambaa cheupe, safi, kisicho na mushono..." Mzee alisita.

Assia alikuwa amekwisha keti. Alichomoa sindano iliyochomekwa kwenye kifuniko cha cherehani, akaitia uzi, akakunja ukingo wa sanda ya kwanza na kuanza kuushona pindo. Alishona vibaya. Mikono iliyofunga vifundo vya mwisho vya wanawake wengi haikuwa imezoea mshono. Alijichoma, akalamba damu, akaendelea.

Mzee Idi alivumilia kidogo tu.

"Unashona kama kuku anachakura," alisema. "Lete hapa. Utaharibu kitambaa na dini pamoja."

Akavuta kiti. Miguu yake ilishika kanyagio, gurudumu likazunguka, na mlio wa cherehani ukajaa ukumbini, mkali, wa haraka, ukishindana na mvua juu ya mabati. Aliweka sanda mbili pamoja, akapitisha mshono pande nne na mwingine katikati, na kila aliyoimaliza aliirusha bila kugeuka. "Chukua! Hiyo si sanda tena. Chukua!" Lubna alidaka, akafunika mtoto mmoja, akafunika mwingine.

Ya kwanza Assia aliipeleka kwa Irène mwenyewe. Alichuchumaa mbele yake.

"Dada, nikuambie kweli. Hii kitambaa ilitengwa kwa wafu. Haijagusa mutu. Ukikataa, sikulaumu."

Irène aliishika, akaipitisha shavuni.

"Mama, ile maji ndiyo ilikuwa ya wafu," alisema. "Hii ni kavu."

Wakamfunika. Walingoja. Assia aliweka kiganja juu ya mgongo mdogo, na hakukitoa. Cherehani ilikimbia, ikakata uzi, ikakimbia tena. Kisha chini ya kiganja kitu kilijikunja, kikakunjuka, na kilio kikatoka, chembamba, chenye hasira, kilio cha mtu aliyeamshwa bila kuombwa radhi. Na pamoja na kilio, maji ya moto yakatapakaa kwenye kitambaa cheupe mpaka kwenye mkono wa Assia.

"Amekojoa!" Lubna alipiga kelele. "Huyu mutoto amekojolea sanda!"

Mzee Idi alisimamisha miguu. Alitazama lile doa la njano likienea, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa.

"Basi imekwisha. Maiti hakojoi. Mubadilishieni."

"Hakuna ingine, Mzee," Assia alisema. "Zote zimeisha."

Mzee aliacha kucheka. Wote wawili walijua kwamba si kweli. Rafuni ilibaki moja isiyo ya chama, sanda ya Mzee mwenyewe atakayozikwa nayo, imefungwa kwa utepe wa kijani. Aliileta kwa mkono wake kutoka Maka, ameichovya katika maji ya zamzam, na kila Ramadhani alikuja kuifungua, kuinusa na kuikunja upya. Assia asingeigusa. Wala asingeiomba.

Mzee Idi alisimama, akashika ukuta, akashuka ngazi zile zenye utelezi hatua kwa hatua. Aliporudi, utepe ulikuwa mfukoni. Hii hakuishona mbio. Alipima pindo kwa kidole gumba, akalikunja mara mbili, akazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, kama anayeshonea harusi.

Assia alimpangusa mtoto, upande wa kulia kwanza, akamviringisha, akampakata ili Irène anywe uji. Hakuna aliyevuka barabara. Lubna hata alimsogelea kumrekebishia kona ya kitambaa.

Irène alisikia habari ya utepe ule kwa Lubna. Aliweka kikombe chini.

"Mzee, mutoto akikomaa, nitafumua hii uzi yote, nifue, nikurudishie kitu chako."

"Atakomaa lini?"

"Sijui, Mzee. Watoto ya kwetu wanalala mu nguo yao ya kwanza mpaka wanaingia masomo."

Mzee Idi aliinama juu ya mapaja ya Assia, akamnyooshea mtoto kidole chenye alama za sindano. Kilishikwa, kikabanwa.

"Usiharakishe, binti yangu," alimwambia Irène. "Mi nitakungoja. Assia ni shahidi: inshallah, nakuahidi, nitakungoja."