Chokaa ya Tumbawe la Lusubilo

Asubuhi aliyofariki Lusubilo, mrija wa dripu ulikuwa bado unadondosha maji ya chokaa kwenye tanki letu la kioo. Nilirudi Tunduma kutoka hospitali na shuka lake mkononi, nikakaa nikisikiliza. Tone, kimya, tone.

Mume wangu alikuwa fundi friji. Tajiri mmoja wa Dar es Salaam alipohama nchi alimpa kipande cha tumbawe hai, kidogo kama kidole gumba. Alikuja nacho kwenye ndoo ya maji ya bahari, tukakilea mpaka kikawa kichaka cha zambarau. Wageni walidhani ni plastiki. Lusubilo aliwaambia ni mnyama, tena mlafi: hunyonya kalisi majini na kujijengea mifupa. Kalisi ikipungua, anadumaa na ncha zake zinapauka.

Ndiyo kazi ya chokaa. Si ile ya kupaka ukuta; ni safi, ya kuagiza. Tuliikoroga kwenye galoni, tukaiacha itulie, tukatumia maji ya juu yaliyotakata. Yalipaswa kudondoka polepole. Ukiyamwaga kwa pamoja, pH inapanda ghafla, tanki linakuwa jeupe kama maziwa, na tumbawe linakufa.

Tulimzika kijijini kwao, Ruanda. Sadoki, rafiki yake tangu shule, naye alikuwa na tanki la samaki wa baharini na alikuwa ameniona nikikoroga chokaa mara nyingi. Pale makaburini alinishika mkono. "Shemeji, kaa na wafiwa. Nyumbani nipo mimi." Nikampa ufunguo.

Niliporudi baada ya kuanua matanga, jiwe ambalo tumbawe liliota juu yake lilikuwa tupu. Sadoki alikuja kunipa pole ya pili. Alisema tumbawe limekufa, limeyeyuka, amelitupa kabla halijanuka. Kisha, mbele ya mama mkwe wangu aliyekuja nami, akasema kwa upole kwamba huenda nilizidisha chokaa siku ile ya msiba, maana nilikuwa nimechanganyikiwa. Mama mkwe aliisukuma kando chai niliyomwandalia. Jioni nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba hata kile alichoacha mwanawe nimekiua.

Nilitaka kumwamini Sadoki. Lakini nilichukua vipimo vya Lusubilo, nikapima kama alivyonifundisha. Chokaa ingezidi, pH ingekuwa juu na unga mweupe ungeganda kwenye kioo. Tumbawe lingeozea mle, pH ingeshuka na chumba kingenuka. pH ilikuwa pale pale alipoiacha. Kioo kilikuwa safi. Kalisi tu ndiyo ilikuwa imepanda kidogo: galoni lilikuwa limedondoka lote, na hapakuwa na wa kuila. Nilipapasa jiwe. Pale tumbawe lilipokuwa limeshika, palikuwa na alama ya patasi.

Nilienda Chapwa, nyumbani kwa Sadoki. Mkewe Sadoki, Ferista, alinipokea kwa furaha kabisa. "Karibu, dada. Njoo uone ua letu la baharini, mwenzangu haniangalii tena mimi."

Lilikuwa pale, zambarau, limegundishwa kwenye jiwe jipya. Sadoki alitoka chumbani, akaniona, akabaki amesimama.

"Shemeji, Lusubilo mwenyewe aliniambia nilichukue. Alisema wewe hutaweza kulitunza."

"Alikwambia lini?"

"Akiwa wodini."

"Sasa kama alikupa, mbona uliniambia limekufa?"

Alimtazama mkewe. Ferista akainama na kuanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Sijui kama Lusubilo alisema hivyo. Wodini nililala chini ya kitanda chake, na kuna saa nilitoka kumfulia. Hilo siwezi kumuuliza tena, na ndilo linaloniuma kuliko patasi.

Nililiangalia vizuri. Ncha zilikuwa zimeanza kupauka. Nikamuuliza Sadoki kuhusu chokaa, akasema aliogopa kukosea kipimo. Kulibandua tena kungelivunja, na kuliacha hivyo kungeliua. Nilimwambia mama mkwe ukweli usiku ule. Alilia, kisha akaniambia niende nikalichukue. Sikwenda kulichukua.

Kila Jumamosi nakoroga chokaa, naiacha itulie, nabeba galoni mpaka Chapwa. Ferista ananifungulia. Sadoki anakaa chumbani mpaka nimalize kufunga mrija.