Hamira Zilizowahi Kuchipua

Pale maabara wenzake walimbandika jina la Mama Hamira, naye akalipokea kwa mikono miwili. Tangu ahitimu alikuwa akifuga chembe za hamira kwenye chupa za maji ya sukari, swali likiwa lile lile: chembe hujuaje kwamba wakati wa kugawanyika umewadia?

Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa na jibu lake la siku nyingi. "Ukubwa, mwanangu. Chembe ikishiba ikanenepa, inachipua mtoto na kugawanyika. Jeni zinafuata nyuma tu."

"Hapana, Profesa. Kuna jeni moja ndiyo inayofungua mlango. Isiposomwa, nakala zake zisipotoka, chembe itanenepa mpaka basi na haitachipua."

"Maneno matupu hayo. Nionyeshe."

Hakungoja aambiwe mara mbili. Alitengeneza hamira ambazo jeni ile, inayosomwa kwa zamu kwa kawaida, ilisomwa mfululizo bila kupumzika. Nyumbani mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani mkwe wangu kazi yako ni kuziamsha hamira usingizini?"

"Ndiyo, mama. Zikiwahi kuamka, nimeshinda."

"Na zisipoamka?"

"Zitaamka."

Na kweli ziliamka. Asubuhi alipoinamia hadubini aliona vichembe vidogo, ambavyo vilipaswa kuwa bado vinakula, kila kimoja kimeshaota kinundu cha mtoto ubavuni. Akamwita Profesa kwa sauti iliyovuka korido.

Mzee aliangalia, akafuta miwani, akaangalia tena. "Vimewahi," akakubali. "Basi chupa yako itajaa chembe kabla ya chupa ya hamira za kawaida."

"Itajaa kwanza," Mama Hamira alijibu papo hapo, mbele ya watu wote.

Hapo ndipo ulimi ulipomponza. Hadi jioni maji ya chupa zote mbili yalikuwa yamechafuka kwa wingi wa chembe sawasawa, huwezi kujua ipi ni ipi. Fundi wa mitambo akamtania: "Mama Hamira, watoto wako wamewahi kituoni, basi limeondoka saa ile ile!"

Wengine walicheka. Yeye utani ule ulimwingia akilini. Kama wameanza mapema na hawakufika mapema, basi wamekawia njiani. Alirudi kwenye hadubini, akazifuatilia chembe moja baada ya nyingine, tangu kuchipua hadi mama na mtoto kuachana. Jawabu likajitokeza waziwazi: zile zilizowahi kuchipua zilibaki zimeshikana na watoto wao muda mrefu zaidi, zikila na kukua, ndipo zikaachana.

Kwenye kikao cha maabara alisimama wima, hana wasiwasi. "Nilisema jeni ikisomwa mapema chembe inaanza mapema. Hilo limesimama. Nilisema pia zitaongezeka haraka. Hapo nilipotea. Mlango wa kwanza unafunguliwa na jeni, lakini chembe iliyoingia ikiwa ndogo hungoja kwenye mlango wa pili mpaka ikue."

"Kwa hiyo mimi nilikosea au sikukosea?" Profesa aliuliza.

"Kwa heshima zote, Profesa, tumegawana nusu kwa nusu."

Chumba kizima kikaangua kicheko, mzee naye akacheka. Kisha akanyoosha kidole kwenye picha ya hadubini iliyoonyeshwa ukutani, kwenye chembe zile zilizokawia kuachana.

"Na hapa mbele, nani anashika mlango?"

"Nadhani ni jeni nyingine, nayo ina zamu yake ya kusomwa. Nimeshaanza kuzifuga hamira za kuijaribu leo asubuhi."

Profesa akaitikia kwa kichwa, akampisha mbele aendelee kueleza.