Mkono Uliolowa

Ferdaws alikuwa na maradhi ya kuamini taa ya kijani. Si kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa mhandisi, tena kichwa chake kilikuwa chepesi tangu shule, na taa yenyewe ilikuwa kazi ya mikono yake. Lakini mtu akishatengeneza kitu na kukosa usingizi kwa ajili yake, hukitazama kama mama anavyomtazama kifungua mimba wake: mwenye kasoro ni mtoto wa jirani tu.

Katika karakana yao ya barabara ya Gremda, pale mjini Sfax, kazi yake ilikuwa jambo moja. Mwenzake Slah, ambaye wote walimwita Si Slah kwa heshima, ndiye aliyebuni bangili ya kusikiliza moyo, inayovaliwa mkononi na kuipigia kelele simu ya ndugu pindi mapigo yanapovurugika. Ferdaws alitakiwa kuifanya bangili hiyo ijue kama imevaliwa sawasawa. Bangili iliyolegea haiusikii moyo. Husikia mtikisiko wa mkono ikaudhania mapigo, na hapo kila inachosema ni uongo. Basi akatia chini yake vipande viwili vya chuma vya kugusa ngozi. Vikigusa vizuri, taa ya kijani huwaka. Visipogusa, bangili hutetemeka mpaka mwenyewe aikaze.

Wa kwanza kuivaa nje ya karakana alikuwa mama yake Ferdaws, Mongia, au Lalla Mongia kwa heshima, ambaye moyo wake ulikuwa na tabia ya kupoteza mwendo. Daktari hakutaka afunge Ramadhani ile. Mongia akakataa katakata. Kula mchana, alisema, wakale watoto. Ferdaws ndiye aliyewapatanisha: mama afunge akiwa na bangili, na ikilia tu, afungue. Daktari akakubali shingo upande, akaongeza kwamba mambo yakienda vizuri, kliniki yake itawavisha wagonjwa wengine wa moyo waliokuwa wanang'ang'ania kufunga. Si Slah alipopata habari hiyo alimkumbatia kila mtu karakana nzima, mpaka aliyekuja kuleta maji.

Siku za mwanzo Mongia alilalamika sana. Bangili ilitetemeka asubuhi, ikatetemeka mchana, na alasiri, ngozi ilipokuwa imekauka kwa saumu, haikumpa hata nafasi ya kusinzia.

"Ina kelele kuliko marehemu baba yako," alimwambia binti yake. "Yeye angalau alikuwa analala."

Ferdaws alicheka, akamwambia aikaze zaidi. Mama akasema mkono unamuuma. Baadaye malalamiko yakaisha, taa ikawa kijani kutwa kucha, na Ferdaws akajua kwamba mama amezoea.

Jioni moja magharibi ilikuwa inakaribia, na Mongia alikuwa jikoni anakoroga shorba, supu ya kufuturia. Akaweka mkono kifuani. Akasema moyo unamkimbia na macho yanaingia kiza. Ferdaws, aliyekuwa anapanga sahani, hakumsogelea. Alitoa simu. Taa kijani, mapigo yametulia kama ya msichana.

"Moyo wako hauna neno, mama. Hiyo ni njaa. Vumilia, bado kidogo."

Mongia aliitazama simu, akamtazama binti yake. "Haya, kama imesema hivyo," akajibu, akaendelea kukoroga taratibu, mkono ukienda na kurudi.

Adhana ilipolia alichukua tende, ikamponyoka. Akataka kuiokota, mkono ukakataa. Ferdaws alipomtazama usoni aliona mdomo umeenda upande. Akamrukia, akamshika mkono, na bangili ikateleza mpaka karibu na kiwiko, imelegea kama ya kuazima, taa yake ikiwaka kijani vilevile. Ndipo alipoweka vidole kwenye mshipa. Mapigo yalikuwa yanakwenda ovyo, yanakimbia, yanasimama, yanakimbia tena. Simu ilikuwa imehesabu mizunguko ya mwiko kwenye shorba.

Hospitalini waliita kiharusi kidogo. Mkono utarudi kwa mazoezi, walisema, labda. Ferdaws aliichukia ile labda kuliko maneno mengine yote waliyomwambia.

Kesho yake mchana mama mdogo Zohra, aliyekuwa akiishi na dada yake, alieleza kisa chote bila kujua anachokieleza. Alisema Mongia alikuwa anaivua bangili kila anapotawadha, na akagundua kwamba akiivaa mkono ukiwa bado umelowa, inanyamaza, hata ikiwa imelegea. Basi ikawa dawa yake. Ikitetemeka tu, anapitisha mkono kwenye bomba, bangili inatulia, na yeye anapumzika.

Ferdaws alitoka mpaka ukumbini, akaegemea ukuta. Maji yalikuwa yameunganisha ngozi na chuma, na chuma kikadhani kimekumbatiwa. Lakini mbona bangili ikivaliwa vizuri kwenye mkono mkavu bado inaleta fujo? Jibu lilimjia lenyewe, na lilimtia aibu. Watu wote aliowapima ili kuifundisha bangili mguso mzuri ni upi walikuwa majirani waliokuwa wanakwenda kuswali adhuhuri msikiti wa nyuma ya karakana. Aliwapenda kwa sababu waliingia mikono ya kanzu ikiwa imeshakunjwa, hakuna wa kubembelezwa. Walikuwa na udhu mbichi. Aliifundisha bangili kwamba mkono wa binadamu ni mkono uliolowa.

Alimpigia Si Slah, akamweleza yote. Slah alisikiliza, akampa pole ya dhati, kisha akasema wagonjwa wataambiwa wafute mkono kwanza, basi.

"Mkono mkavu haiutaki, Si Slah. Itawasumbua mpaka watafute maji, kama yeye."

"Mama yako aliilegeza mwenyewe, Ferdaws. Tusijibebeshe dhambi isiyo yetu. Tukirudi nyuma sasa, karakana imekufa."

Ndilo neno alilokuwa anatamani kulisikia. Alikata simu akiwa amepata nafuu, na ingawa alijua nafuu hiyo si ya haki, hakuitupa. Akarudi chumbani kwa mama.

Mongia alikuwa macho. Kwa ulimi mzito alimwomba amvishe bangili yake, maana akiwa nayo hana hofu. Alikuwa ameshamwambia muuguzi kwamba aliyeitengeneza ni binti yake.

"Mama, ile jana ilinidanganya," Ferdaws alisema. "Na mimi nikakudanganya wewe."

Neno moja moja, akihangaika nalo, Mongia akasema:

"Nilijua moyo unakimbia. Nikadhani nimekosea mimi."

Ferdaws aliinama akaubusu ule mkono usiosikia, akalia bila kujificha. Halafu akatoka, akampigia Slah, akamwambia hakuna bangili hata moja itakayokwenda kliniki.

"Kwa sababu ya mama yako?"

"Kwa sababu wagonjwa nao wataiamini kuliko miili yao."

Slah alishusha sauti.

"Kliniki walituma mtu asubuhi," alisema. "Wameshagawa. Sikutaka kukwambia ukiwa na mgonjwa."

Ferdaws alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea ngazi, simu sikioni, akimwamuru awapigie kliniki, wamtafute kila mtu, waivue. Nje msikiti wa kwanza uliadhini alasiri, ukafuatwa na wa pili, kisha mji mzima. Watu wenye mioyo mibovu walikuwa wanakunja mikono ya nguo zao na kufungua mabomba.