Mwizi Wangu

Mimi hasira naitubu kila alfajiri, na Mungu ni shahidi, haifiki saa nne nimeshairudia. Siku ile hata chai sijanywa. Natoka bafuni, namwona mwanamume anaruka ukuta wa uani na mtungi wangu wa gesi begani.

"Mwiziii!"

Jamani, neno lile ukishalitoa si lako tena. Kibaha yetu hii, huku Sofu, walitoka watu hata siwajui. Walimdaka mbele ya duka la jirani yangu Mwanakheri, wakamwangusha chini. Nikafika na mchi mkononi, nikampiga wa kichwa. Ndiyo, mimi, Mama Tumsifu, mzee wa kanisa. Damu ikamchuruzika hadi kwenye kola, na nasema ukweli, nilisikia raha.

Kisha nikamwona Gervas, anayeimba besi kwenye kwaya yetu, anakuja na chupa ya petroli. Mwingine nyuma yake anaburuta tairi bovu. Raha yote ikaniishia.

"Gervas, hiyo ya nini?"

"Mama, kaa pembeni. Tumechoka na hawa."

"Polisi waitwe!"

"Wamwachie kesho? Kwani si wewe uliyempasua?"

Watu wakacheka. Wengine walishainua simu wanarekodi. Yule mtu alikuwa ananitazama mimi, si Gervas. "Mama, naomba," alisema. "Mama, naomba." Petroli ikamrukia mguuni. Niliposikia harufu yake nikautupa mchi. Ee Mungu nisamehe, nimeyaanzisha mimi, nikasema moyoni, maana muda wa sala ndefu haukuwepo.

Nikajitupa juu yake. Kanga yangu ikalowa.

"Mtungi wangu! Mwizi wangu!" nikapiga kelele. "Nani mwingine kaibiwa hapa? Aseme! Anayetaka kuchoma aanze na mimi!"

"Mama, ondoka." Gervas alikuwa na kiberiti mkononi.

"Siondoki ng'o! Washa, halafu Jumapili uje uimbe!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwanakheri akatoka dukani, akaja kuketi vumbini kando yangu, baibui na yote. Gervas akatutazama, akakitazama kiberiti. Mwishowe akakitia mfukoni na kuondoka, chupa akaiacha palepale. Wengine wakaanza kurudi nyuma, mpaka wale wenye simu.

Mwanakheri alipiga simu polisi, akaleta maji, nikamwosha yule mtu kidonda tukiwasubiri. Aliitwa Yassin. Alitoka Vihingo, kule Kisarawe, akaja kutafuta kibarua akakosa. Nilikuwa na maneno makali ya kumpa, tena mengi, lakini kila nikifuta damu inatoka nyingine, na ile ilikuwa kazi ya mkono wangu.

"Nisamehe," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. "Nisamehe kwa kukupiga. Nusura nikuue."

"Nimekusamehe, mama."

Mwizi! Ananisamehe mimi! Kiburi kilinipanda hadi kooni. Nikakimeza.

"Asante, mwanangu," nikamwambia, nikalia mbele ya Sofu nzima.