Karatasi ya Kujaribia Mashine

Sijisifu, lakini katika utafiti wetu wa mishipa ya moyo hakuna aliyeijua mashine ile ya kupimia mapigo ya moyo kunishinda. Kwa miaka sita nilibandika nyaya zake vifuani mwa watu, na kila asubuhi, kabla mshiriki wa kwanza hajaingia, nilijibandika mwenyewe. Ndiyo desturi ya chumba chetu: karatasi ya kwanza ni ya fundi, ya kujaribia mashine. Ikitoka safi inatupwa, kazi inaanza.

Asubuhi hiyo ilitoka ya ajabu. Mstari uliopaswa kushuka baada ya kila pigo la moyo ulibaki juu. Nikaitukana mashine. Nikafuta kifua kwa spiriti, nikabadilisha vibandiko, nikabadilisha na waya. Ikatoka vilevile.

"Kimeo hiki!" nikafoka.

Nje kulikuwa na jamaa wa usafi tunayemwita Kaka Ndoo. Nikamwita aje alale kidogo.

"Mzee, mimi nina deki," alisema akivua shati. "Ukinikuta na ugonjwa, utadeki wewe."

Nikambandika. Karatasi yake ikatoka safi kabisa, kila pigo mahali pake.

"Kumbe mashine nzima!" akacheka. "Sasa mbovu nani?"

Akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Jasho lilikuwa likinitiririka hadi kidevuni. Nilitaka kusema najisikia vizuri, miguu ikanisaliti. Akanidaka, akanilaza palepale alipotoka yeye, akainua vyuma vya pembeni mwa kitanda.

"Fungua, nikajimwagie maji tu."

"Ukishuka nakufunga na hizi nyaya zako." Akafungua mlango, akapiga kelele daktari aitwe.

Nikabaki nimelala, chuma kulia, ukuta kushoto. Niliogopa, tena sana. Mkono wa kushoto ulikuwa ukiuma tangu juzi jioni, na haukuwa umeniachia hata kidogo. Mke wangu aliponiuliza nilimjibu ni maboksi ya karatasi niliyobeba. Jana asubuhi karatasi yangu niliitupa bila kuitazama, na usiku kifua kilipobana nikasema gesi. Mganga hajigangi, na mimi wala sikujaribu.

Daktari wetu aliingia mbio. Ni binti wa umri wa mwanangu, mimi ndiye niliyemwelekeza vyoo viko wapi siku yake ya kwanza. Akazisoma karatasi zangu mbili, akamwagiza muuguzi alete dawa ya kuyeyusha bonge la damu.

"Baba, maumivu yameanza lini?"

Swali hilo nimewauliza watu mia nne na zaidi. Wengi walidanganya, nami nilikwenda kuwasimulia wenzangu wakati wa chai, tukawacheka.

"Leo," nikasema. "Kama saa moja asubuhi."

"Afadhali. Tumewahi."

Akaanza kuvuta dawa kwenye sindano. Mikono yake ilikuwa na haraka ya furaha, na hiyo ndiyo iliyonibana kuliko kifua. Dawa ile hupewa mtu ndani ya saa kumi na mbili tangu maumivu yaanze. Muda ukishapita, inaweza kumvujisha damu ubongoni bila kumsaidia moyo. Nikinyamaza, huenda ataniua kwa mkono wake, na maisha yake yote atadhani ni yeye aliyekosea. Nikisema, dawa yenyewe naikosa, na chumba cha kuzibua mishipa kiko mji mwingine, mwendo wa saa tano. Nilitafuta njia ya tatu, sikuiona.

Akanifunga mpira mkononi.

"Mwanangu, subiri," nikasema. "Nimekudanganya. Ni tangu juzi jioni."

Akasimama na sindano mkononi.

"Juzi? Na ulikuwa hapa unapima watu?"

"Nilikuwa hapa."

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alifungua mpira, akairudisha sindano kwenye trei taratibu, akamtuma muuguzi kuita gari la wagonjwa. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu nami, akaniomba namba ya mke wangu.